CD Iliyokuwa Ikiamia Ndege Bujonde

Wasikilizaji wapendwa, wa Kyela mjini, wa Ikolo, wa Bujonde, nanyi wa ufukweni mpaka Lyulilo, poleni na kazi. Kabla sijaanza, nina ombi. Kama redio yako iko juu ya kabati na umeifunika kitambaa, kiondoe. Aliko alikuwa hapendi. Akiingia nyumbani kwa mtu na kukuta spika imefunikwa, anaifunua kwanza, halafu ndiyo anasalimia.

Aliko Mwakyoma ametutoka. Alifariki Jumanne asubuhi, kwa presha, nyumbani kwake hapa mjini. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Narudia kwa waliofungulia redio sasa hivi: Aliko Mwakyoma, yule wa kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi na flashi, amefariki Jumanne.

Wengi mlimjua kwa jina la Mia Tatu Ishirini. Wengine mlidhani ni namba ya gari. Hapana. Ni kipimo cha nyimbo za kwenye kompyuta. Namba ikiwa kubwa, sauti imebaki na nyama yake. Namba ikiwa ndogo, faili linakuwa dogo, kadi inaingia nyimbo nyingi, lakini sauti imekonda. Aliko alikuwa hashuki chini ya mia tatu ishirini. Ukimwambia akujazie nyimbo elfu mbili kwenye kadi ndogo, anakurudishia kadi yako. "Nenda ukanunue debe upige," anakwambia. Na sisi hapa redioni hakutuacha. Tukipiga wimbo mbovu, simu inalia: "Jamani, mnachosha masikio ya watu!"

Tulicheka sana. Hatukujua kwamba ukali ule ulikuwa majuto.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2009, kwaya moja ya Ikolo ilirekodi nyimbo nane kanisani kwao, kwa mashine moja. Kiongozi wa sauti alikuwa Marystella. Alisimama mbele akiimba huku kambeba mgongoni mtoto wa miezi mitano. Mtoto huyo ni Adela. Mwaka uliofuata Marystella aliugua, wiki tatu tu, akafariki. Adela akalelewa na bibi yake, bibi Anyosisye.

CD za kwaya ile hazikuwa nyingi. Nyingine zilikwaruzika, nyingine zilivunjika. Ikafika mahali CD nzima ikabaki moja, na hiyo moja ilikuwa kibandani kwa Aliko.

Wasikilizaji wapendwa, Aliko wa siku zile hakuwa Mia Tatu Ishirini. Alikuwa kijana wa haraka. Mwaka 2012 aliingiza CD zake zote kwenye kompyuta, kwa kipimo cha sitini na nne tu, ili kadi za wateja zijae nyimbo. Tena akatumia programu inayokata zile sekunde za mwanzo na mwisho wa wimbo zenye sauti ndogo, ikizihesabu kuwa kimya. Alisema kimya hakichezwi. Halafu zile CD, gunia zima, akazigawa kwa wakulima wa mpunga wa Bujonde. Mnajua wenyewe kazi yake. Unaifunga kamba, inaning'inia, inamulika, ndege wanakimbia.

Miaka ikapita. Adela akafika miaka kumi na miwili. Siku moja, mchana, akaja kibandani na simu ya bibi yake, yenye nyimbo za kwaya ile zilizoingizwa palepale.

"Anko, mbona mama anaimba kama yuko ndani ya debe?"

Mke wa Aliko, mama Catheline, alikuwepo. Anasema mumewe alimwangalia yule binti, akaangalia chini, halafu akasema, "CD yenyewe ilipotea, mama."

Ilipotea! Siyo kweli. Aliigawa mwenyewe, kwa mikono yake.

Alijaribu njia ya mkato kwanza. Akachukua lile faili la sitini na nne, akaligeuza kuwa la mia tatu ishirini. Faili likanenepa. Sauti ikabaki ile ile. Uji ukishauzimua kwa maji, hata uuhamishie kwenye sufuria kubwa, ni uji ule ule mwepesi. Kilichotupwa kimetupwa. Ikabaki njia moja tu, kuitafuta CD yenyewe.

Basi kila msimu, mpunga ukianza kuzaa mpaka wakati wa kuvuna, Aliko alipanda baiskeli yake kwenda Bujonde. Misimu minne. Hakumwambia Adela. Hakumwambia bibi Anyosisye. Alimwambia mkewe peke yake: "Nikimpa sauti ya mama yake, ndipo nitakuwa na uso wa kumwambia ukweli."

Mwaka huu, mwishoni mwa Mei, alifika kwenye shamba la mzee Lazaro. Mzee Lazaro ndiyo kwanza amevuna, anafungua kamba zake. Nilimpigia simu. Sikilizeni alivyosema: "Nilimwona mtu mzima anageuza CD zangu moja moja, kama anayechagua dagaa wetu wa usipa sokoni. Nikamuuliza, ndugu yangu, unatafuta nini? Akasema, natafuta mtu. Nikacheka. Nikamwambia hapa kuna ndege tu."

Mzee Lazaro si mtu wa kutupa vitu. Akishavuna, CD zake anazirudisha kwenye gunia, ndani, mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo jua halikuzimaliza. Kwenye CD ya kumi na saba, Aliko akasoma jina la kwaya. Mzee anasema mtu mzima alikaa chini palepale kwenye mabua, akalia. "Nikaona aibu kwa kucheka," anasema.

Nyumbani aliisafisha kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni. Akaifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha. Mama Catheline anasema, "Hata wanangu hakuwahi kuwaogesha hivyo." Kisha akaiacha kompyuta isome polepole, kila kipande mara mbili, mara tatu, mpaka majibu yafanane. Hakupunguza chochote. Hakukata chochote.

CD husomwa kuanzia katikati. Ukingoni ndiko kulikokwaruzika sana, na nyimbo mbili za mwisho hazikurudi. Lakini wimbo wa kwanza ulitoka mzima. Na kabla ya wimbo, zikatoka zile sekunde alizozikata miaka yote ile. Sekunde nne. Mtoto analia. Na Marystella, kwa Kinyakyusa, kwa sauti ya chini, anamwita mtoto jina lake, anambembeleza anyamaze. Halafu ndiyo anaanza kuimba.

Adela alikuwa shule ya bweni, kidato cha nne. Likizo ilibaki siku kumi. Mama Catheline akamwambia mumewe, "Mtumie basi hata kwa simu ya matroni." Aliko akakataa katakata. Spika za simu! Mtoto amesubiri miaka yote aje asikie mama yake kwenye simu? Akasema asubiriwe. Akasafisha spika zake kubwa. Akasogeza kiti mahali panapostahili.

Shule ilifungwa Ijumaa. Aliko alifariki Jumanne ya wiki hiyo hiyo.

Adela alishuka kwenye basi akapitiliza msibani. Jumamosi, baada ya maziko, mama Catheline alimkalisha kwenye kile kiti. Akamwambia yote: sitini na nne, gunia, Bujonde, misimu minne. Kisha akawasha.

Adela alizisikiliza zile sekunde nne. Akarudisha. Akarudisha tena. Mama Catheline alihesabu mara kumi na moja, akaacha kuhesabu. Wimbo wenyewe hakuufikia mpaka jioni.

Alipoinuka alisema, "Kumbe aliwahi kuniita." Na kuhusu Aliko akasema, "Angeniambia tu ukweli. Ningekwenda naye mashambani."

Mama Catheline, watoto, ukoo wa Mwakyoma, poleni sana. Mola awape nguvu. Adela na bibi Anyosisye, poleni nanyi, msiba huu ni wenu pia. Mzee Lazaro, ndaga fijo, asante sana.

Nasi tuliobaki tujiulize. Sauti za watu wetu tumeziweka wapi? Na yule tuliyemkosea, tunasubiri nini kumwendea? Aliko alitaka kwenda na zawadi mkononi. Angekwenda mikono mitupu, angepokelewa.

Tunafunga kwa wimbo ule wa kwanza, kwa ruhusa ya Adela, bila kukata mwanzo wake. Ongezeni sauti. Mkisikia mtoto analia, wasikilizaji wapendwa, msiguse redio. Ni Adela, na mama yake yupo.