Menyu Zenye Mistari ya Penseli

Sogeeni, wanangu, wewe fundi cherehani na wewe fundi magari, sogeeni karibu na kitanda, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni na macho yalishafunga kazi. Nimesikia viti viwili vikivutwa, nashukuru. Kaka mtu hujaitikia salamu yangu. Najua bado umenuna. Nuna tu, mradi unasikia.

Nyumba ni yenu nusu kwa nusu, hilo halina mjadala, na shangazi yenu asitolewe chumba cha uani mpaka atakapotaka mwenyewe. Kinachonikosesha usingizi ni lile sanduku la bati chini ya kitanda hiki. Nilihudumu melini, kisha kwenye behewa la chakula la treni, na huko kote menyu zilichapishwa upya kila safari, zina maua pembeni na maandishi ya rangi ya dhahabu, na safari ikiisha zinatupwa. Mimi nikawa nabeba mojamoja ndani ya koti, namletea mama yenu, aliyefua vitambaa vya meza zile maisha yake yote na hakuwahi kukalishwa kwenye meza hata moja.

Mnakumbuka wenyewe. Kule kwenye behewa chakula hakiishi, kinashuka, kama abiria aliyefika kituo chake; tunasema kimeshuka, tunapiga mstari wa penseli juu ya jina lake. Neno hilo ulilidaka wewe, kaka mtu. Jioni hapa nyumbani unatundika taulo mkononi, mama yako na dada yako wanakaa kitako na menyu, wanaagiza bata, wanaagiza samaki wa kuokwa, nawe unainama kwa adabu zote: "Samahani bibi, bata ameshuka." Mstari. Samaki naye ameshuka. Mstari. Unashusha ukurasa mzima mpaka vinabaki viazi, na viazi ndivyo vilivyokuwa sahanini. Mama yenu alicheka mpaka akashika mbavu. Tulikuwa na njaa, wanangu, na tulicheka.

Sasa amekuja huyo mnunuzi wa vitu vya zamani, kasema anataka menyu safi, mistari ifutwe. Ukachukua raba. Nilikuwa nimelala hapahapa, nikasikia raba inakwaruza, nikasikia dada yako anaingia, mnavutana, karatasi inachanika. Yaliyosemwa baada ya hapo sitayarudia. Nilifungua mdomo niwakataze, ikatoka pumzi tupu. Baba mzima nimelala kama gunia, na watoto wangu wanararuana juu ya kichwa changu, siwezi hata kunyanyua kidole. Hilo limeniuma kuliko ugonjwa.

Siwezi kukuamuru, mwanangu, nguvu hiyo sina tena. Gereji imefungwa, una watoto, umebanwa kila upande. Uza zile ambazo hukuzichora, uza hizo zote, sitakulaumu. Zenye mistari yako ziacheni kama zilivyo, wala msigawane, zikae kwenu nyote wawili. Nawe kitinda mimba, lile neno ulilomwita kaka yako lifute kinywani mwako. Alishika raba kwa ajili ya wanawe, hakumdharau mama yenu.

Mtanizika kando ya mama yenu. Msikopeshane machozi na majirani, ondokeni makaburini mapema, mrudi nyumbani pamoja. Pamoja, mmenisikia?

Pumzi inanikimbia. Nipeni mikono niwaombee, kaka mtu upande wa kulia, dada upande huu mwingine. Mungu awafungulie riziki, awape kusikilizana, awape... Hebu ngoja. Mkono huu una sugu ya mkasi kwenye kidole gumba. Na huu wa kulia... huu nao ni mwembamba, ncha za vidole zimetobolewa na sindano. Fundi magari hana mkono kama huu.

Hajaja.

Usilie, mama. Viti vyote viwili umevuta wewe. Sijakasirika, hata ningetaka, nitakasirika kwa nguvu gani? Usiutoe mkono, uache hapohapo. Baraka zake ni hizi, mshikie... zisipungue. Na akija, asikute maneno. Mwambie, "Baba alidhani ni mkono wako." Mwambie... alifurahi.