Aliyemjibu Gus

Hebu fikiria benchi la mbao nje ya duka la chakula cha mifugo, huko Wyoming, Marekani, asubuhi ya mwezi wa tano, baridi bado inauma masikio. Wanaume watatu wanapokezana chupa ya kahawa. Gus amepoteza wanakondoo saba wiki hii. Wameliwa na koyoti, wale mbweha wakubwa wa nyika. Wa pili tunamwita Redio, maana hazimiki. Wa tatu ni Nusu Kikombe: huomba nusu tu, mara nne.

— Leo alfajiri nimelia kama koyoti mgeni, ili wenyeji watoke niwapige, Gus alisema. Mara moja, nikanyamaza. Akanijibu mmoja ng'ambo ya kilima.

— Ukangoja? Redio aliuliza.

— Dakika arobaini. Nalia, anajibu, hasogei. Mwisho kitu cha kahawia kikatikisa vichaka. Kidole tayari kiko kwenye bunduki! Sikuona masikio, nikaacha.

— Masikio? Redio aliangua kicheko. Ungemwomba na kitambulisho!

— Koyoti wa siku hizi wamesoma, bwana, alisema Nusu Kikombe. Huyo anaijua sauti yako. Anajua hata siku unayokwenda kanisani.

— Weee! Redio alidakia. Huyo ndiye anayekuita wewe! Anakupigisha soga kilimani, wenzake wako zizini wanakula.

Gus hakucheka.

— Kesho singoji masikio. Akijibu, kichaka kikitikisika, nafyatua.

— Hapo sasa umesema!

— Niongezee nusu.

Lorna, jirani yao, alikuwa anatoka dukani na gunia la chumvi ya ng'ombe. Akasimama.

— Kilima kipi hicho, Gus?

— Kile cha tangi la maji.

Akaliweka gunia chini taratibu.

— Kaka yangu Ardell alikuwa huko huko leo, upande wa pili. Amerudi amenuna. Anasema koyoti kamjibu alfajiri nzima, wala hakutoka. Kesho anarudi.

Akamkazia Gus macho.

— Gus, hicho kitu cha kahawia kilikuwa na miguu mingapi?

Nusu Kikombe alitazama viatu vyake. Gus alijaribu kunywa. Kahawa ikammwagikia magotini, asiipanguse.

Nawe, siku utakayokwenda kuita wanyama, nakuomba ukumbuke hili moja tu: mlio ulioigwa vizuri humdanganya hata mtu.