Foleni ya Daftari

Ndani ya treni, fundi cherehani alikuwa amepakata mkoba wenye kadi ya hospitali ya mama yake, masikio yote yakiwa kiti cha mbele. Pale kijana mwenye kompyuta alikuwa anamweleza mama aliyeketi naye kwamba yeye ndiye aliyetengeneza mfumo wa kupokea wagonjwa hospitalini, ili wasipange foleni.

"Kumbe ni wewe," alisema yule mama. "Mimi niko pale mapokezi. Siku hizi tuna foleni mbili, ya daftari halafu ya kompyuta. Daktari hamwoni mgonjwa asiye na namba ya daftari."

"Lakini mama, daftari lilitakiwa liondoke."

"Daktari aliambiwa na nani?"

Kijana alisema yeye na wenzake walikaa na mkurugenzi wa hospitali miezi minane. Mama akauliza kama walikaa mapokezi hata asubuhi moja. Kijana akafunga kompyuta taratibu, kama mtu anayefunika maiti. "Ripoti inasema mfumo unatumika kwa asilimia mia," alisema.

"Unatumika, mwanangu. Kila jioni tunanakili daftari lote humo. Tuliambiwa asiyejaza atahamishwa."

"Basi nitamrudia mkurugenzi."

"Ameshaondoka. Huyu mpya analeta mfumo wake."

Treni ikasimama. Fundi aliwapenya wote wawili mlangoni na kutimua mbio, awahi foleni ya daftari, ambalo mwenye kulifungua alikuwa bado nyuma yake, anashuka ngazi pole pole.