Historia ya Haigomi, Aliyesema Funga

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza, anayewasomea maisha haya ni mdogo wa marehemu, wa tumbo moja, mwenye studio ya video ng'ambo ya barabara, ambaye kusema kweli amemwonea kaka yake wivu tangu utotoni.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Haigomi, alizaliwa tarehe 3 Machi 1968, katika nyumba ya nyuma ya ghala la mbao, akiwa mtoto wa kwanza na kipenzi cha mama, akasoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, akishika namba moja kila mwaka, jambo ambalo mdogo wake alikumbushwa kila alipoleta ripoti.

Alianza kutengeneza redio mwaka 1987, akafunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1991, wakajaliwa watoto watatu, na Mei 2004 akaanza kuchoma diski za harusi na mahafali, zilizocheza kwenye deki yoyote, mpya au ya mtumba, ndipo akapata jina hilo. Mdogo wake alifungua studio mwaka uliofuata, lakini diski zake zilicheza kwenye mashine yake tu, zikifika kwa wateja zinagoma, hata mama mzazi akawa anaweka za Haigomi peke yake, na roho ikamuuma mdogo mtu.

Tarehe 9 Agosti 2006 marehemu alimwambia, "Mdogo wangu, funga, usiwatese wateja," naye akaelewa anaambiwa afunge studio, akamnunia miaka kumi na miwili na ushee.

Figo zilianza kumsumbua marehemu Februari 2018, akalazwa mara tatu, na Mei 2019, mdogo wake alipomuuliza kitandani kwa nini alitaka kumzibia riziki, alicheka mpaka akakohoa, akaeleza kwamba alimaanisha kufunga diski, yaani kuiamuru mashine iikamilishe kabla ya kuitoa, la sivyo deki nyingine haziisomi. Shemeji akaongeza kwamba wateja wengi walipeleka kwao diski zilizogoma, na marehemu alizinakili upya kimyakimya, akiwaambia deki zao zina vumbi. Mdogo mtu hakushukuru, alizidi kuona wivu, kwamba hata kwa wema amepitwa.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2019, saa nne asubuhi. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, mafundi wenzake, na umati huu wote, ambao msomaji anajua yeye hataupata siku yake ikifika.

Kaka, mdogo wako wivu anao bado, ila hana tena wa kumnunia. Pumzika kwa amani.