Mkata Vitambaa Kabla ya Kuitwa Mama

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, mtoto wa pili wa dobi na msusi wa mikeka. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972. Walimu walimsifu kwa hesabu. Kwa mdomo wake walikoma.

Alianza kazi kwa kupiga pasi kwa baba yake. Kisha akauza tiketi kwenye dirisha la sinema, hadi alipofukuzwa kwa kuwaambia wateja mwisho wa picha. Mwaka 1977 aliingia kiwanda cha sare, akapanda hadi kuwa mkata vitambaa, na hapo ndipo alipojipata.

Kitambaa cha mikono ya mashati hupangwa tabaka zikitazamana uso kwa uso, ili kila mkono wa kushoto upate mwenzake wa kulia. Siku moja, kwa haraka zake, marehemu alizipanga zote uso juu. Mikono yote ikatoka ya kushoto. Msimamizi alifoka mpaka akakaukiwa na sauti. Fundi wa cherehani, aliyekuwa akitia mashine mafuta, akamnong'oneza, "Pole dada. Tutatafuta wateja wa mkono mmoja."

"Basi tuanze kukupima wewe," alimjibu.

Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981.

Alipopata mimba ya kwanza, mwaka 1983, aliacha kazi. Nyumbani ilisemwa aliacha kwa furaha. Binti yake, kifungua mimba, alikua akilisikia neno hilo bila kuliamini, kwani alimwona mama akishika mishono ya nguo za watu hata msibani. Aliogopa kuuliza, asije akaambiwa kuwa kuzaliwa kwake ndiko kulikomponza mama.

Mwaka jana figo zilipomlaza marehemu, binti alijikaza. "Mama, ulijutia?"

"Kuacha kazi? Nililia, mwanangu, mwaka mzima. Muulize baba yako."

"Kumbe ni mimi niliyekuharibia."

"Wee, acha kujipa ukubwa. Kazi niliipenda, na wewe nikakupenda. Moyo si chumba cha kupanga, useme kimejaa. Ila mkiniandikia wasifu, msianzie siku niliyowazaa."

Alifariki hospitalini tarehe 9 Juni mwaka huu, binti huyo akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano. Leo wanawe wanamzika mama waliyemjua, pamoja na msichana ambaye hawakuwahi kukutana naye. Wote wawili wapumzike kwa amani.