Ng'ombe wa Marguerite na Kamba ya Jumapili Sita

Wasikilizaji wapendwa, amani ya Bwana iwafikie mlipokaa na redio zenu, hapa Bujumbura na kule Uvira. Leo tunamkumbuka mzee Zénon, mkata majani wa Carama. Tulimzika Jumanne.

Zénon alilima mabingobingo, yale majani marefu ya ng'ombe. Kazi hiyo aliianza mwaka tulipopata uhuru. Kila asubuhi alifunga mzigo kwenye baiskeli, akawapelekea wenye mifugo. Wenzake walingoja majani yapite kichwa cha mtu. Yeye alikata yakifika kiunoni.

"Zénon, unachinja watoto," walimcheka.

"Na we unalisha ng'ombe yako kuni," aliwajibu.

Alisema kweli. Bingobingo likizeeka huwa mti mtupu, na maziwa hupungua.

Lakini mwaka wa 1966, wakati wa jua kali, alipata mbolea nyeupe, ile ya punje kama chumvi. Akamwaga nyingi. Mvua ikanyesha mara moja tu. Majani yakawa ya kijani kizito, yakamtamanisha. Siku ya nane akakata. Siku ya nane, wasikilizaji wapendwa. Akampelekea jirani yake Marguerite, aliyekuwa na ng'ombe mmoja, aliyemtunza kwa mahari ya mwanawe.

Saa sita mchana ng'ombe alikuwa chini, anahema. Walipomchinja, damu ilikuwa na rangi ya kahawa.

Watu wakasema ni sumu. Wakamtaja Candide, mama aliyeishi peke yake karibu na zizi la Marguerite. Kosa lake, aliwahi kugombana na Marguerite juu ya maji.

Jioni ile mbuzi wa Zénon alikula mabaki ya majani yale yale. Akafa. Zénon akamfukia. Mkewe, mama Spès, alinieleza hivi: "Nilimuuliza, baba, si ni yale majani? Akasema, apana, nyamaza. Lakini chakula aliiacha mu sahani."

Alinyamaza Jumapili mbili. Jumapili ya tatu, baada ya misa, akasimama mbele ya watu wote. "Ng'ombe aliuawa na majani yangu. Niliyakata mbolea ikiwa bado sumu ndani yake," akasema. Akampa Marguerite mtamba wake.

Alikuwa amechelewa. Mlango wa Candide ulikuwa umevunjwa kwa mawe. Mwenyewe alikwisha kuondoka na mkeka na chungu, kuelekea Uvira, ng'ambo ya ziwa. Zénon alikwenda kumtafuta mara tatu. Hakumpata.

Tangu hapo, kila alipotia mbolea, alitundika kamba mlangoni. Jumapili moja, fundo moja. Hakukata kabla ya fundo la sita. Kamba ya sasa ina mafundo manne. Juzi mtu alikuja kuomba majani, mama Spès akamwonyesha kamba. "Bado mbili," akamwambia.

Mama Spès, pole sana, wewe na watoto. Mungu ampokee mzee wetu.

Nasi tujiulize: tumemtaja jirani gani kwa jambo tusilolijua? Na ni nani anajua, tena amenyamaza?

Zénon alipokuwa anakata roho alimwambia mkewe: "Usiwaombe wanisifu. Waambie watu wa redio waseme lile neno." Basi nalisema. Mama Candide, kama unasikia huko ng'ambo: yalikuwa majani. Hukuwa na kosa. Hukuwa na kosa.