Mstari wa Kwanza, Karibu na Lango la Zamani

Wachungaji, wazee wa ukoo mliosafiri kutoka Butere, majirani wa Kawangware na wafanyakazi wa Bustani hii ya Kumbukumbu, naitwa Janice, kitinda mimba wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya baba yetu, nanyi mtanisamehe nikikatiza kidogo, kwa sababu mtoto niliyembeba ana homa na hataki kwenda kwa mtu mwingine. Mmeona kwenye karatasi mlizopewa kwamba mahali pa maziko pameachwa wazi, maana hadi saa hii wazee hawajakubaliana, kaburi limechimbwa humu bustanini na basi la kumpeleka Butere linanguruma nje.

Zedekiah Obuya alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, karibu na Butere, akasoma huko hadi darasa la saba mwaka 1972, na mwaka 1976 akaja Nairobi, ambako aliwabebea wenye maduka wa Ngara mizigo, kabla ya kuandikwa kazi hapa tarehe 3 Februari 1981 kama mchimba makaburi. Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa na mama yetu, Rachael Nanjala, na Mungu akawajalia kaka zangu wawili na mimi.

Tukiwa wadogo alikuwa akitutembeza humu, akituonyesha kanisa hili la mawe, safu nyeupe za askari wa vita vya zamani na malaika wa marumaru asiye na mkono, na kila jiwe alilijua habari zake, lakini tukifika sehemu ya watoto wachanga alivua kofia na kutukataza kukimbia. Kuna jambo kuhusu sehemu hiyo ambalo mwenyewe aliniagiza nilisome leo bila kulificha.

Mwaka 1994 barabara ilipanuliwa, lango la bustani likahamishiwa upande wa pili, na mwaka uliofuata baba akapewa kazi ya kuweka mawe madogo yenye majina juu ya makaburi ya watoto, akahesabu mistari kuanzia lango jipya, ilhali daftari la maziko lilikuwa limehesabu kutoka lango la zamani, hivyo mawe arobaini na moja yakasimama juu ya watoto wa watu wengine. Mwaka 2003 Mama Kalekye, aliyekuwa akifanya kazi ya nyumba Kitisuru, alimwambia, "Mzee, mimi mtoto wangu nililaza chini ya jakaranda, hii jiwe iko kwa jua," naye baba akacheka, akamjibu, "Mama, wewe ndio umesahau, daftari haisahau," lakini jioni hiyo alirudi na kamba, akapima kutoka lango la zamani, na kwa siku mbili hakula chakula.

Kisha alikwenda Kitisuru kwa miguu, akasimama mlangoni kofia mkononi, akasema ukweli akingojea matusi, na Mama Kalekye, ambaye leo ameketi pale karibu na dirisha, alilia sana, halafu akamwekea chai, akasema, "Miaka nane nimelilia mtoto wa wenyewe. Si neno, huyo pia alihitaji mtu wa kumlilia." Kwa miaka miwili baba aliwatafuta wazazi wengine mmoja mmoja, wengine walimfukuza, mmoja alimpiga kofi, naye akayahamisha mawe hadi la mwisho. Alistaafu mwaka 2017, lakini kila Jumamosi alishuka kituo cha Adams Arcade akaja kuwaonyesha wazazi njia, kwa kuwa lango la zamani limezibwa kwa ukuta na hakuna alama ya mahali pa kuanzia kuhesabu.

Figo zake zilianza kudhoofika Oktoba 2024, akalazwa hospitalini mwezi Mei, na Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, alfajiri, akatuacha. Siku nane kabla ya hapo, mbele ya Mama na sisi watoto, alisema, "Nizikeni mstari wa kwanza, pale lango lilikuwa, ndio mtu akitafuta mtoto wake aanze kuhesabu na mimi." Baba Mkubwa alipoambiwa alituuliza, "Obuya amezika wageni miaka thelathini na sita, na sasa mnataka alale na wao? Kwani hana kwao?" naye ana haki ya kuuliza, kwa kuwa ndiye aliyemlea baba walipofiwa na wazazi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa yule muuguzi aliyepasha maji ya kumnawisha ili asishtuke na baridi, Mzee Mbuthia, mwenzake kazini, aliyekuja kumnyoa ndevu kila Jumapili, Mama Nyokabi jirani yetu aliyemlaza mtoto wangu kwake nilipokesha hospitalini, na vijana wa hapa waliochimba leo asubuhi bila kujua kama kaburi litatumika.

Baba Mkubwa, tunakushukuru wewe pia, umesafiri mbali na miguu yako inauma, na hatuna ugomvi nawe. Lakini Mama leo ameniambia niandike neno lake liwe la mwisho, kwamba basi hilo likiondoka na jeneza yeye hapandi, mtamwacha amesimama pale penye shimo.

Lala kwa amani, Baba.